Wiki Nane kwa Mama Diwani

Mwaka wangu wa pili chuoni nilikuwa waziri. Si waziri wa kweli, bali waziri wa malazi katika serikali ya wanafunzi, mwenye dhamana ya mabweni, kunguni na maji yasiyofika ghorofa ya tatu. Lakini niliitwa Mheshimiwa, na wapo walioniita hivyo bila utani hata kidogo, nami nilikuwa nageuka. Nilijua kuhutubia. Nilijua kupanda juu ya meza ya kantini, kuinua mkono mmoja na kungoja kelele zishuke zenyewe. Nilishaamua kwamba siku moja nitakuwa mbunge, na hata kilemba nitakachovaa siku ya kuapishwa nilikuwa nimeshakichagua.

Kwa hiyo ulipofika wakati wa mafunzo kwa vitendo, ambayo sisi wanafunzi tuliyaita fildi, niliandika barua wizarani. Wizara ya kwanza haikujibu. Ya pili ilijibu kwamba nafasi zimejaa. Kwenye ofisi ya tatu, kule Posta, karani alinirudishia bahasha yangu bila kuifungua, akaniambia kwa upole kwamba waliokwisha kupokelewa walikuwa wengi kuliko viti vya kukalia. Zilibaki siku nne tu chuo kifunge orodha. Mama yangu ndiye aliyesema, huku akipanga masufuria dukani, "Si uende hapo kata? Ni mwendo wa kutembea tu."

Niliona aibu mpaka nikalia. Wenzangu wanakwenda wizarani na benki kubwa za mjini, mimi waziri naenda ofisi ya kata, mita chache kutoka duka la baba!

Duka letu lilikuwa Kariakoo, upande unaoelekea Mtaa wa Msimbazi. Tuliuza vyombo vya jikoni kwa jumla na rejareja: masufuria, mabeseni, ndoo, vikombe vya bati, mabakuli ya plastiki ya kila rangi. Baba alishuka kutoka Kilimanjaro akiwa kijana, akaanza kwa kutandaza sahani chini kwenye gunia. Kwa miaka mingi tulipanga Ilala, na nilipokuwa darasa la tano tukahamia ghorofani, juu ya duka lenyewe. Baba alikuwa mtu wa kanisa, wa maneno machache, na kuhusu ndoto zangu alikuwa na sentensi moja tu: "Siasa ni kazi ya mtu asiye na duka." Hata hivyo kila uchaguzi ulipokuja yeye ndiye aliyekuwa akitoa viti na turubai kwa ajili ya kampeni za diwani wetu. Alisema diwani yule angalau anapokea simu.

Jumatatu asubuhi nilikwenda ofisi ya kata na barua yangu, nimevaa suti ya bluu niliyoshonesha kwa ajili ya wizara. Mtendaji wa kata, mwanamume mrefu aliyekuwa hafurahishwi na jambo lolote kabla ya saa nne, aliisoma akiwa amesimama, akanionyesha meza ndogo karibu na mlango.

"Utakaa hapa," alisema. "Mwananchi akija, andika jina, anapokaa na shida yake. Diwani anakuja Jumatatu, Jumatano na Ijumaa. Ukimaliza kuandika unampelekea."

Diwani alifika saa tano, akiwa amechelewa kwa saa mbili. Alikuwa mwanamke wa miaka hamsini na kitu, mnene kidogo, ambaye kabla ya kugombea alikuwa fundi cherehani kwenye baraza moja hapo jirani kwa zaidi ya miaka ishirini. Hakuwa na chumba chake. Alikuwa na kiti cha plastiki dirishani, na mfuko wa kitambaa uliojaa karatasi. Watu walimwita Mama Diwani. Nilisimama.

"Shikamoo, Mheshimiwa."

"Marahaba. Wewe ni mtoto wa duka la vyombo. Suti nzuri. Nani kakushonea? Bega la kushoto limekaa vibaya." Akaketi, akaomba daftari langu.

Asubuhi ile nilikuwa nimeandika watu tisa. Nilijivunia sana daftari lile. Alisoma kimya, midomo ikichezacheza, halafu akaweka kidole kwenye mstari mmoja.

"Huyu mama hapa. Umeandika, 'Mlalamikaji anabainisha changamoto ya mfumo hafifu wa majitaka.' Alisema hivyo?"

"Hapana, Mheshimiwa."

"Alisemaje?"

Niliangalia chini. "Alisema mavi yanapita mlangoni kwake."

"Basi andika mavi. Mimi nikienda na changamoto ya mfumo kule manispaa, watanipa kikao. Nikienda na mavi mlangoni watanipa gari la kunyonya." Akanirudishia daftari. "Anza upya. Waite waliokaa hapo nje, waulize tena, uandike walivyosema wao."

Nilianza upya. Wiki mbili za kwanza nilimchukia kimyakimya. Alikuwa na mdomo mkali, alichelewa kila mahali, na simu zake alizipokea kwa spika, ofisi nzima ikasikia ugomvi wa ndoa za watu. Lakini niliona pia jambo ambalo sikuwahi kuliona kwa kiongozi yeyote wa chuoni, mimi nikiwemo. Mtu alipokuwa anaeleza shida yake, Mama Diwani hakuwa anajiandaa kujibu. Alikuwa anasikiliza tu. Mtu akimaliza, alikaa kidogo, halafu akauliza swali moja, na mara nyingi swali lile ndilo lililotoa shida yenyewe, kwa sababu ile ya kwanza ilikuwa ya kuanzia mazungumzo. Na alipokuwa hana la kufanya, alisema, "Hili siliwezi." Mara ya kwanza kumsikia akisema hivyo mbele ya watu nilishtuka. Nilidhani kiongozi akikiri hivyo amekwisha. Yule mzee aliyeambiwa hivyo alishukuru akaenda zake kutafuta msaada kwingine, na wiki iliyofuata alirudi na shida tofauti.

Wiki ya tatu, Jumamosi asubuhi, ghala la magodoro liliungua.

Ghala lile lilikuwa ndani ya uchochoro uliopita nyuma ya maduka yetu. Mbele, kwenye mtaa mkubwa, unaona maduka. Nyuma, kwenye uchochoro, kila duka lina mlango wa stoo. Kati ya milango hiyo walijipanga mama lishe na majiko yao, mabenchi na masufuria ya wali, wakilisha wabeba mizigo na wauzaji wa maduka ya eneo lote. Nilikuwa dukani niliposikia kelele. Moshi ulikuwa mweusi na mzito, wenye harufu ya plastiki. Gari la zimamoto lilifika upesi kuliko nilivyotarajia, likakata kona kuingia uchochoroni, likakwama. Halikusogea mbele wala nyuma. Askari waliruka chini wakaburuta mipira kwa mikono, na watu wakapanga mstari wa ndoo, ndoo zetu za dukani, baba akizitoa mwenyewe kwa mikono miwili. Hakufa mtu. Lakini magodoro yote yaliteketea, pamoja na stoo mbili za jirani, na mama lishe mmoja, aliyerudi kuuokoa mtungi wake wa gesi usije ukalipuka katikati ya watu, aliungua mkono wa kulia kuanzia kiwiko mpaka vidole.

Jumatatu amri ilishuka kutoka juu: uchochoro ufunguliwe, wafanyabiashara ndogondogo wote waondoke ndani ya siku saba. Mtendaji alinipa karatasi na kipaza sauti.

"Wewe si unajua kuhutubia?" alisema. "Nenda katangaze."

Nilikwenda na suti yangu. Nilipanda juu ya kreti la soda, nikainua mkono, nikangoja kelele zishuke. Hazikushuka. Nikasoma hivyohivyo: kwa mujibu wa sheria ndogo, kwa kuzingatia usalama wa raia na mali zao, mnatakiwa kuhama mara moja. Sauti yangu iligonga kuta na kunirudia. Mama mmoja aliinua mwiko akauliza, "Tuhamie wapi?" Karatasi haikusema. Nikasoma tena aya ya kwanza.

Hapo wakaanza kucheka, na kicheko kikageuka hasira. "Shuka hapo, mtoto wa duka!" alisema mwingine. "Unatufukuza sisi wenye mabenchi, hao wenye maduka waliojenga kwa nondo je?" Mtu akamwaga maji ya kuoshea vyombo karibu na miguu yangu, nikaruka, kreti likapinduka, na kipaza sauti kikaanguka kikapiga filimbi ndefu. Nilirudi ofisini na suruali imelowa mpaka magotini.

Mama Diwani alinikuta nje, nimekaa ngazini. Nilimweleza yote, nikitegemea atawafokea wale mama.

"Na ulipoulizwa pa kuhamia, ulijibu nini?"

"Nilirudia kusoma."

"Mh." Akatoa raba kwenye mfuko wake, akavua viatu vizuri akavaa zile raba. "Twende."

Uchochoroni hakupanda kitu. Alikaa kwenye benchi la mama lishe yule aliyeungua, ambaye alikuwa amerudi kazini mkono ukiwa na bandeji, binamu yake akimsaidia kupakua. Aliagiza wali maharage. Alikula. Watu wakasogea. Alipomaliza nusu ya sahani aliuliza, "Gari lilikwama wapi hasa?"

Wakaonyeshana. Huyu akasema pale, yule akasema hapana, palepale kwenye kona. Mama mwenye bandeji akasema, "Mama Diwani, mimi sibishi kuhama. Moto nimeuona kuliko mtu yeyote hapa. Ila niambie kitu kimoja. Sisi tukihama wote, hilo gari litapita?"

Mama Diwani aliinamisha kichwa akafikiri. "Sijui," alisema. "Twende tukapime."

Tulikwenda watatu, yeye, mimi na mama mwenye bandeji, kwa bajaji moja mpaka kituo cha zimamoto. Njiani alinunua kamba ya katani. Askari wa zamu alicheka aliposikia shida yetu, kisha alipoona hatucheki akatushikia ncha moja. Tulipima gari kutoka kioo cha pembeni mpaka kioo cha pembeni. Askari akasema ongezeni nafasi ya mlango kufunguka, la sivyo watafika na kukaa ndani wakitazama moto. Tukaongeza. Mama Diwani akafunga fundo kila upande. Nilimuuliza kwa nini asiandike tu vipimo kwenye karatasi, askari angetutajia.

"Namba watabishania," alisema. "Kamba wataiona."

Saa nane mchana tuliingia uchochoroni kwa mwisho wa pili, mbali na ile kona, tukiwa tumeinyoosha kamba. Mama mwenye bandeji alishika ncha moja kwa mkono wake mzima, mimi nyingine, Mama Diwani akatembea katikati, na nyuma yetu umati. Kamba ilipogusa kitu tulisimama, na Mama Diwani alipiga mstari wa chaki chini. Kitu cha kwanza kuguswa kilikuwa benchi la mama mwenye bandeji mwenyewe. Alilitazama, akasema, "Haya, la kwangu limezidi," akalisukuma kwa mguu. Watu wakacheka, safari hii kicheko kingine. Tulipofika kwenye stoo ya mzee wa Kihindi aliyeuza nyuzi na vifungo, mzee aliyezaliwa kwenye mtaa uleule kabla baba yangu hajafika mjini, kamba iligonga rafu zake za chuma. Alivaa miwani akainama kuliangalia fundo. "Kweli, imezidi," alisema. "Nipeni mpaka kesho, fundi wangu yuko kwenye msiba." Watu wakampigia makofi, naye akarudi ndani akiwa na haya.

Kadiri tulivyosogea, jambo moja likawa wazi kwa kila mwenye macho. Mama lishe walikuwa wamezidi kwa kiganja au mkono mmoja, vitu vya kusogezwa kwa mguu. Kwenye kona, pale gari lilipokwama, hapakuwa na mama lishe hata mmoja. Palikuwa na kibaraza cha saruji, na juu yake kizimba cha wavu wa chuma, kimejaa ndoo na mabeseni mpaka juu.

Kilikuwa cha baba yangu.

Nilikijua tangu kinajengwa. Nilikuwa nikicheza juu yake. Ila katika ile safari yote ya kamba sikukifikiria hata mara moja, ama labda nilikifikiria nikakikwepa. Mpaka leo sina hakika. Kiwiko changu kiligonga wavu kabla sijafikia ukuta. Baba alikuwa amesimama kwenye mlango wa stoo, mikono nyuma. Nikamtazama Mama Diwani anisaidie, lakini yeye alikuwa anafuta chaki vidoleni, kana kwamba hana haraka.

Mama mwenye bandeji akaita kutoka upande wa pili, "Huku nimefika ukutani, mwanangu. Huko vipi?"

"Huku pamezidi," nilisema.

"Kiasi gani?"

"Hatua moja. Na zaidi."

Ndipo Mama Diwani akasogea. Akamsalimia baba, baba akaitikia. Kisha baba akasema, taratibu, kila mtu akisikia, "Viti ulivyokalia kwenye kampeni, Mheshimiwa, vilitoka ndani ya kizimba hiki."

"Vilitoka," alijibu. "Nilishukuru, na leo nashukuru tena. Na wakati unajenga nilikuwa napita hapa kila siku na vitambaa vyangu kichwani, nikakaa kimya. Baadaye nikawa diwani, bado nikakaa kimya. Kwa hiyo kosa hili ni la watu wawili." Akainama, akapiga mstari wa chaki juu ya saruji. Aliponyooka alisema tu, "Ni siku saba kama kwa wengine, mzee mwenzangu."

Baba aliingia ndani akafunga mlango.

Kwa siku tatu hakuniongelesha. Mezani aliomba chumvi kupitia kwa mama. Mama alinivuta pembeni akasema, "Hajakukasirikia kwa ulichosema, ni kweli na anajua. Kinachomuuma ni kwamba kamba ilikuwa mkononi mwako." Wenye maduka wengine walimjia, wakamwambia asibomoe, wakatae wote pamoja, na diwani huyo wamwonyeshe kazi wakati wa kura. Nilisikia sauti zao kutoka ngazini. Sauti ya baba sikuisikia.

Siku ya nne ilikuwa Ijumaa, na ratiba ya fildi ilinitaka niwe ofisini saa mbili. Niliposhuka nilimkuta baba uchochoroni, mikono ya shati imekunjwa, ana nyundo kubwa. Ndoo zote zilikuwa zimeshatolewa. Hakuwa ameita fundi. Alipiga pigo la kwanza kwenye saruji, la pili, la tatu, na mama lishe waliacha majiko yao wakatazama. Nilivua koti la suti nikachukua gunia la kubebea vifusi. Aliniangalia miguuni, kwenye sandali zangu za ofisini.

"Vaa viatu," alisema. "Vyuma vina kutu."

Nilivaa, tukafanya kazi mpaka saa sita. Wenye maduka wawili waliotaka wagome walituangalia kwa muda, halafu mmoja wao akaenda kutafuta nyundo yake.

Siwezi kusema kila kitu kiliisha vizuri. Mama lishe saba, wale waliokuwa kwenye sehemu nyembamba kabisa, ilibidi wahame hata baada ya kamba, na uwanja Mama Diwani aliowatafutia ulikuwa na jua kali na wateja wachache. Mmoja wao aliacha kumsalimia na hakurudia tena. Lakini wengine walibaki, nyuma ya mistari ya chaki ambayo baadaye manispaa iliipaka rangi nyeupe. Na wiki ya mwisho ya fildi yangu gari la zimamoto lilikuja kujaribu. Lilipita polepole kutoka mwanzo hadi mwisho wa uchochoro, dereva ametoa kichwa nje, na mama lishe wakagonga vifuniko vya masufuria mpaka masikio yakauma. Mama Diwani hakuwepo. Alikuwa amechelewa.

Ripoti yangu ya fildi ilipata alama za kawaida. Mhadhiri aliandika pembeni kwa kalamu nyekundu kwamba baadhi ya maneno hayakuwa ya kitaaluma, akazungushia duara neno nililoandika kwa herufi nne tu. Mwaka wa tatu wenzangu walinitaka nigombee urais wa serikali ya wanafunzi. Nilikataa, nikaomba kubaki kwenye malazi. Niliacha meza ya kantini. Nilikwenda bweni kwa bweni na daftari nikauliza watu wamelalaje, na kwa mara ya kwanza maji yalifika ghorofa ya tatu, kwa sababu mwanafunzi mmoja wa uhandisi alinionyesha valvu iliyofungwa ambayo sikuwahi kumuuliza mtu kuhusu habari zake.

Uchaguzi ulipokuja nilikuwa nimeshamaliza chuo, nasaidia dukani. Kwenye kura za maoni za chama chake Mama Diwani alishindwa, tena si kwa pengo dogo. Wenye maduka waliotishia walitimiza. Baba, ambaye alitoa viti na turubai kama kawaida, alirudi nyumbani siku ile akakaa na kofia kichwani mpaka mama akamwambia aivue.

Kesho yake asubuhi nilikwenda ofisi ya kata kumpa pole nikijua nitamkuta anakusanya vitu vyake. Nilimkuta amekaa na yule aliyemshinda, mfuko wa kitambaa uko wazi, karatasi zimetandazwa mezani. Alikuwa anampitisha kwenye shida ambazo hazijaisha, moja baada ya nyingine. "Huyu mama wa bomba," alisema, "usimwambie wiki ijayo. Bomba halimo kwenye bajeti, mwambie ukweli, anaelewa. Huyu kijana anayedai leseni ana haki, mimi ndiye niliyesahau. Anza naye." Yule mgombea mpya, mwanamume aliyekuja na wapambe wawili, aliwaambia wapambe wake watoke nje, akaomba kalamu. Walikaa mpaka adhuhuri.

Nilimsindikiza kwenye baraza lake la zamani, ambako cherehani yake ilikuwa imefunikwa kwa khanga miaka yote ile. Njiani nilimuuliza swali lililonikaa moyoni. "Mama, ulijua kwamba lile la uchochoro lingekuondoa?"

"Nilijua lingeniuma. Sikujua ni kiasi hiki." Akacheka, halafu akaacha kucheka. "Ningepima vilevile. Ila ningeanza kwa kuwaona wenye maduka, mmoja mmoja, ndani, kabla ya kuwaaibisha mbele za watu. Baba yako nilimkosea kwa hilo. Niliharakisha. Ukiingia kwenye kazi hii usije ukaharakisha namna ile."

Hakuniuliza kama nitaingia. Aliifunua cherehani, akapuliza vumbi, akaanza kutafuta sindano.

Nilichukua fomu ya kugombea uenyekiti wa serikali ya mtaa mara mbili. Mara ya kwanza nilishindwa, nikapita kila mlango kushukuru, hata milango ambayo nilijua haikunipa kura. Mara ya pili nilishinda. Uenyekiti wa mtaa si ubunge. Hauna gari, na kilemba kile sijakivaa. Una watu wanaogonga mlango saa kumi na mbili asubuhi kwa sababu jirani amejenga choo karibu na jiko lao. Mama Diwani alinishonea gauni la kuvaa siku ya kiapo, akakataa kuja kwenye sherehe akisema ana oda za harusi, na kweli alikuwa nazo.

Mkutano wangu wa kwanza na wananchi ulifanyika Jumapili alasiri kwenye uwanja wa shule ya msingi. Nilikuwa nimejiandaa kwa kila swali, kasoro la mtu aliyenyoosha mkono wa kwanza. Alikuwa mstari wa tatu, bado na suti ya kanisani. Alisimama, akafunga kifungo cha koti.

"Mheshimiwa Mwenyekiti," alisema baba yangu. "Gari la taka halijapita mtaani kwetu wiki mbili. Ofisi yako imetutangazia litapita Jumatano. Naomba kujua, ni Jumatano ipi?"

Uwanja mzima ulicheka. Nilikuwa na majibu matatu mazuri kichwani, yote ya kantini. Mtendaji wangu wa mtaa alininong'oneza la nne.

"Sijui, baba," nilisema. "Kesho asubuhi nitakwenda kuwauliza, na saa nne nitakuja dukani nikupe jibu."

"Si dukani kwangu tu," alisema. "Mtaa mzima." Akaketi.

Kesho yake nilikwenda. Jibu lilikuwa baya: gari lilikuwa limeharibika na jingine halijulikani litatoka wapi. Nililibeba jibu hilo duka kwa duka, upande wa kulia halafu upande wa kushoto, na wengine walinisikiliza, wengine walinisonya. Nilifika kwetu karibu saa sita, miguu ikiniuma. Baba alinisikiliza mpaka mwisho, mikono kifuani, kama anavyomsikiliza mteja asiyemjua. Akauliza maswali mawili. Akasema, "Asante, Mheshimiwa." Kisha akageuka kuelekea ndani na kumuuliza mama kama chai bado ipo.